Mimba ya Colonel Trésor

Wanaosema Masisi haina bahari hawakufika Muheto mwaka ule. Sisi tulikuwa nayo. Urefu wake meta moja na nusu, kina chake mpaka kiunoni mwa mtu mfupi, na ilikaa juu ya meza ya kukamulia fromaji, yaani jibini. Mimi mwenyewe niliinywa mara mbili kwa bahati mbaya. Ni chumvi kweli. Kwa hilo sidanganyi. Kwa mengine tutaona.

Mwaka ule mikutano ya amani ilikuwa mingi kuliko mihogo. Wakubwa walikutana Goma kwenye hoteli, wakatia sahihi, wakala kuku, na kila walipotia sahihi sisi wa milimani tulilala porini siku tatu. Upande wetu tulikuwa chini ya Colonel Trésor. Ukoloneli wenyewe alijipa. Jumatatu alikuwa sergent. Siku hiyo mkubwa wake akatoroka na redio, nafasi ikabaki wazi, na Jumanne asubuhi Trésor akaamka colonel. Hata kofia ilimtosha.

Barrière yake ilikuwa ukuni mmoja uliolazwa barabarani. Hapo ndipo liliposimamishwa lori la Papa Kasika, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Walikale. Kasika alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni na rozari nyingine kwenye usukani. Kule Walikale mfanyabiashara mwenzake, naye wa Butembo, alikuwa amenunua friji ya milango miwili, mahali ambapo umeme ni hadithi, akaigeuza kabati ya nguo na watu bado wakaenda kuishangaa. Kasika hakulala kwa wivu. Akashuka Goma, akamkuta mzungu mmoja anafunga mizigo arudi kwao, akanunua kwake bahari nzima: kioo, mawe, taa, mashine ya kupumulisha maji, magunia ya chumvi, na mfuko wa plastiki wenye viumbe viwili ndani.

Askari akauinua mfuko juani.

"Hii ni nini?"

"Samaki, chef."

"Samaki? Mimi naona spageti."

Colonel akaja mwenyewe. Akatazama. Ndani ya maji kulikuwa na vijiti viwili vyenye mistari ya buluu, vyembamba kama bua la mtama, kila kimoja na mdomo mrefu wa kunyonyea na macho ya kugeuka moja huku moja kule.

"Kwa Kifaransa wanaita poisson-aiguille, mon Colonel," Kasika akasema. "Samaki-sindano. Inatoka baharini. Haipendi fujo kabisa. Ukimuweka pamoja na samaki mugomvi, anajificha mpaka anakufa na njaa. Maji ikikimbia sana, anachoka. Hajui kupigana, hajui kukimbia. Chakula yake ni krevete, zile kamba ndogo za baharini, za kama vumbi, nazo ziwe hai, mara ine ao tano kwa siku. Anataka utulivu tu, mwaka muzima."

Colonel akauchukua mfuko mwenyewe. Halafu akasema, "Njo hii," yaani ndiyo hii hii.

Wiki sita baadaye watu wa tume ya amani walikuwa waje kumtazama kama anafaa kupewa grade, cheo cha kweli, katika jeshi la kweli. Makomanda wengine walipanga kuonyesha bunduki za zamani zilizopakwa mafuta. Yeye alitaka kitu cha kuwatoa machozi.

"Wenzangu waonyeshe vyuma," akasema. "Mimi nitaonyesha bahari yenye amani."

Basi akatafuta Masisi yote pa kuiweka, na palipofaa palikuwa mahali pamoja tu: nyumba ya fromaji ya Manassé Sebahire. Pale chini mtoni kulikuwa na turbine ndogo, na mtunzaji wake nilikuwa mimi, Védaste. Nilikuwa nimeistaafu turbine, lakini yenyewe haikunistaafu. Umeme wake ulitosha taa mbili, mashine ya kupumulisha na chuma cha kupasha maji moto, mradi mtu asichaji simu.

Manassé alikuwa mfugaji na mtoto wa mfugaji. Mtu mrefu, mpole, anayesalimia ng'ombe kabla ya watu. Colonel akamkuta anageuza fromaji zake.

"Manassé, unajua kuchunga."

"Ninachunga ng'ombe, mon Colonel."

"Kuchunga ni kuchunga. Utanichungia hizi mbili mpaka watu wa amani wafike. Na mimi, kwa heshima, nitakuchungia ng'ombe zako kule juu. Samaki zangu zikiwa wazima, ng'ombe zitashuka. Samaki moja akikosa, askari wangu watakula nyama mpaka Noeli."

Ng'ombe kumi na tisa wakapanda mlima mchana ule ule, wakigeuka kumtazama mwenyewe. Hakukuwa na kitu kingine katika nyumba ile: maziwa, fromaji, mahari ya binti, yote yalikuwa na mikia na yalikuwa yanapanda. Mke wake, Nyiramahoro, akasimama mlangoni, mikono kichwani.

"Ng'ombe kumi na tisa kwa nyuzi mbili za kushonea!"

Kasika alikaa siku mbili kutufundisha, akilia kiasi. Mawe tukayapanga kama mapango. Maji tukayatoa mtoni, tukayachanganya na chumvi ya magunia. Kaa mmoja mdogo aliyekuwa amejificha katika jiwe Kasika akamtoa na kijiko, maana alisema yule ni mkorofi. Askari aliyekuwa mlangoni akamponda na buti. Ndiye mtu wa kwanza kutolewa Masisi kwa ajili ya ukorofi, na alikuwa hajafanya kitu.

Colonel akataka kujua yupi mume. Kasika akamwonyesha: yule mwenye tumbo pana, bapa. Colonel akafurahi, akaleta rangi nyekundu, na ubaoni juu ya kioo akaandika kwa mkono wake: TRÉSOR, MUME. AMANI, MUKE.

"Amejitoa sadaka kwa jina," Nyiramahoro akaninong'oneza. "Sasa huyu samaki hawezi hata kuharisha."

Kasika akaenda zake Walikale na lori jepesi, akituachia karatasi ya Kifaransa. Kipimo cha chumvi kilikuwa kimevunjika njiani, kwenye shimo ambalo hata mimi nalijua kwa jina. Lakini karatasi ilisema maji yawe na densité, yaani uzito, wa 1,025, na Manassé akasema, "Densité? Kipimo ninacho." Akatoa pèse-lait yake.

Asiyejua maziwa aelewe hapa. Pèse-lait ni kidude cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kusema ukweli ambao muuzaji hausemi. Husoma tarakimu mbili za mwisho tu: kikionyesha thelathini, yaani 1,030, maziwa ni mazima. Kikionyesha ishirini na tano, mama fulani amepita mtoni kabla ya kufika kwako. Miaka ishirini Manassé alikuwa amesimama mlangoni na kidude hicho akirudisha bidoni, madumu ya maziwa ya ishirini na tano, na akina mama wakimtukana mpaka kwenye ukoo.

Nikamsomea karatasi. "Ishirini na tano."

"Umesoma mubaya, Papa Védaste."

"Nimesoma vizuri."

"Basi muzungu aliandika mubaya. Hakuna maji ya heshima yenye ishirini na tano. Hiyo ni namba ya wizi."

Akaongeza chumvi, kwa mkono uliojaa dhamiri, mpaka kidude kikaonyesha thelathini. Akasimama pembeni kama padri baada ya kubariki. Kesho yake asubuhi Trésor na Amani walikuwa wameegemea kioo karibu na uso wa maji, wanapumua mbio kama watu waliopanda kutoka Sake na gunia la makaa.

Manassé akakaa chini. Nikamwambia, "Ongeza maji."

"Katika kitu kizuri? Niongeze maji?"

"Ng'ombe kumi na tisa, Manassé."

Akachukua ndoo. Nimeona watu wakitoa ushahidi mbele ya tribunal na uso mwepesi kuliko ule. Alimimina polepole, kutwa nzima, kikombe kwa kikombe, akitazama mlangoni asije akaonwa na akina mama wa maziwa. Waliona, bila shaka. Jioni kipimo kilipofika ishirini na tano, samaki wakashuka kwenye mawe yao, na sauti ikatoka barabarani: "Kumbe, Papa Manassé! Leo njo wewe umepita mutoni?"

Tangu hapo ikawa kazi. Mayai ya krevete yalikuwa ndani ya kopo, kama vumbi la tumbaku. Unayatia katika chupa ya maji ya chumvi karibu na moto, siku ya pili yanakuwa vidudu vinavyorukaruka. Samaki-sindano hakimbilii chakula. Anakitazama kwa jicho moja, anafikiri, anakitazama kwa jicho la pili, anafikiri tena, halafu *tk!* anakinyonya. Ukimharakisha anaacha. Manassé, ambaye hajawahi kukosa subira na mnyama, alisema huyu peke yake ndiye anayemkumbusha serikali.

Colonel aliweka walinzi wawili mlangoni. Hao, kwa kuwa ni askari na mlango ni njia, wakalaza ukuni, na kila aliyekuja kuona bahari akatoa yai moja. Kwa hiyo mbele ya maji yasiyo na fujo tulikuwa na barrière, na mlinzi mmoja aliyeniuliza kwa uso mkavu kama wale samaki wana feuille de route, hati ya kusafiria.

Lakini lazima niseme haki: walikuwa wazuri. Kila asubuhi walikutana juu ya jiwe lile lile, wakainuka wima pamoja, wakazungukana polepole kama watu wanaosalimiana baada ya miaka. Nyiramahoro alikuja kutazama kila siku akijifanya anatafuta ufagio.

Wiki ya tatu, ngoma ile ikarefuka. Kesho yake Manassé akaniita mtoni, jasho likimtoka na mvua inanyesha.

"Papa Védaste. Trésor iko na mimba."

"Unataka kusema Amani."

"Nimechunga miaka arobaini. Mimba ninaijua hata ya sungura. Amani alimupakia mayai kwenye tumbo na akaenda zake. Amani tumbo yake imelala. Trésor njo amebeba."

Nikaenda nikatazama. Chini ya tumbo lile pana mayai yalikuwa yamepangwa safu, mekundu, kama shanga za bibi harusi. Nikatafuta karatasi ya Kasika, na nyuma yake, kwa herufi ndogo ambazo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusoma, ikasema waziwazi: kwa samaki hawa, dume ndiye anayebeba.

Nyiramahoro alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaacha ghafla, kwa sababu naye alikuwa ameiona hatari tuliyoiona sisi.

Kumwambia Colonel kwamba yule mwenye jina lake, aliyeandikwa mume kwa rangi nyekundu, ana mimba? Kuna mtu alipigwa fimbo hamsini kwa kusema tu kofia ya Colonel imekaa upande. Na kunyamaza je? Hapo Manassé akakataa kabisa. Kwa wafugaji wa kwetu, aliyepewa mnyama wa mwenzake anatangaza uzao siku ile ile, mbele ya watu, kwa jina la mzazi na jina la mwenye mali, na sauti ifike mlima wa pili. Anayeficha uzao ni mwizi, na mwizi hana cha kudai.

"Nikificha, nimeiba mali yake," akasema. "Nikiiba mali yake, ng'ombe zangu ni halali kwake. Nikitangaza, ananiua, na ng'ombe anazichukua vilevile."

"Tuseme ni mafuta," nikashauri. "Amenenepa kwa amani."

"Mafuta haitoki tumboni na kuogelea, Papa Védaste."

Tukaanza kumwomba Mungu kwamba samaki azae kabla ya tume kufika, au azae baada ya kuondoka. Nyiramahoro alikwenda mpaka kanisani. Tumbo likaendelea kukomaa kwa ratiba yake, na mwisho wa wiki ya sita tume ya amani ikafika.

Walikuwa watano, wamevaa vizibao vya rangi moja, wakiongozwa na Mama Léontine, mwanamke mnene wa Goma mwenye miwani na daftari nene kama misale ya padri. Alikuwa mtu wa kuandika. Ulimsalimia, aliandika. Colonel alipigwa pasi siku ile mpaka kwenye kamba za viatu. Akasimama mbele ya kioo, mgongo kwa samaki, uso kwa wageni, askari wake wakijaa mlangoni na madirishani.

"Wapenzi wa amani!" akaanza. "Katika maji haya, mukubwa hali mudogo. Katika maji haya hakuna barrière."

Mmoja wa wageni, aliyekuwa bado ameshika yai lake, akakohoa.

"Mimi mwenyewe ninalala kidogo ili hawa walale vizuri. Huyu ni Trésor. Nilimupa jina yangu kwa sababu yeye ni mwanaume kamili: mupole, lakini mwenye kusimama..."

Nyuma yake, mwanaume kamili akaanza kujikunja. Akajikunja tena, akatetemeka, na kutoka tumboni mwake kikachomoka kitu chembamba kama unywele, kikajinyoosha, kikaogelea. Kikafuata cha pili. Halafu kumi.

"Angalia! Anatoa vitu!" askari wa dirishani akapiga kelele.

Mama Léontine akasogea mbele, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mbona anazaa," akasema. "Huyu njo Amani?"

 Ubao ulikuwa pale juu. Akausoma, akamtazama samaki, akausoma tena. Colonel bado alikuwa hajageuka; nadhani shingo ilikataa.

Manassé akavua kofia yake. Nilimwona midomo ikisogea na nikajua hasali, anapima sauti. Akapita katikati ya askari, akatoka nje, akasimama juu ya ukuni wa barrière, akauelekea mlima kwa mikono kinywani.

"Yeee! Trésor amezaa! Trésor wa Colonel Trésor amezaa!"

Sasa, wachungaji wa milima ile hawaulizi ni mnyama gani. Wakisikia uzao wanajibu, ndivyo walivyolelewa. Kutoka upande wa pili wa bonde sauti ikarudi, "Azae tena!" Nyingine juu yake, "Azae pacha!" Ya tatu, mbali kabisa, karibu na posisheni, kambi ya Colonel mwenyewe, ikaomba apate maziwa ya kutosha.

Askari walijizuia. Naapa walijizuia. Lakini yule mlinzi wa feuille de route, kwa adabu yake yote, alipiga saluti na kusema, "Hongera, Mama Trésor."

Ndipo nyumba ikapasuka. Watu waliangukia fromaji. Mgeni mmoja wa tume alilia kwenye kizibao chake. Colonel alikuwa ameshika mkoba wa bastola, akaona daftari la Mama Léontine limefunguka na kalamu inangoja, akauachia mkoba, akaushika tena. Hakuna grade inayotolewa kwa mtu aliyeua mfugaji mbele ya daftari.

"Nataka kuelewa," Mama Léontine akasema, bila kucheka hata kidogo, jambo lililokuwa baya zaidi. "Kwa hiyo, Colonel, huyu mwenye jina yako, mwanaume kamili, njo mama?"

"Huyu samaki haiko yangu."

"Ubao unasema..."

"Ubao inadanganya! Samaki ni ya Manassé. Kioo ni ya Manassé. Mimi sina samaki. Sijapata kuwa na samaki hata siku moja katika maisha yangu!"

Manassé alikuwa amerudi mlangoni, bado anangoja risasi.  Nyiramahoro ndiye aliyejipangusa mikono kwenye kitenge na kusogea mpaka kwenye daftari.

"Mama Léontine, umeandika vile?"

"Nimeandika. Samaki si yake, hajawahi kuwa na samaki."

"Asante. Sasa umuulize kitu kimoja. Ng'ombe zetu kumi na tisa alizichukua kama rehani ya samaki zake. Kama hakuwa na samaki, ng'ombe zetu ziko kule juu zinafanya nini?"

Kicheko kikakatika. Colonel akamtazama Nyiramahoro, akatazama kalamu, akatazama askari wake, ambao kwa mara ya kwanza walikuwa wanangoja jibu, si amri.

"Ziko kwa sababu ya usalama," akasema. "Usalama umerudi. Zishushwe."

Walishuka saa nane, kwa mstari, wakikimbia kidogo kwenye mteremko, na Manassé akaenda kuwapokea katikati ya njia, akigusa kila mmoja usoni na kuita jina lake. Akafika mwisho wa mstari, akasimama kama mtu aliyekanyaga hewa.

"Kumi na saba," akasema.

"Zile mbili zilikufa," Colonel akajibu kwa sauti ya mazishi, "kwa ajili ya amani."

Askari watatu wakatazama viatu vyao. Wa nne alikuwa bado anachokoa meno.

Mama Léontine alikuwa anaandika haraka, kichwa chini. "Waliokufa kwa ajili ya amani, wawili," akasoma polepole. "Majina?"

Sijui mpaka leo kama alikosea au alikusudia. Nyiramahoro hakungoja kujua. Akasimama wima, kama mbele ya burgomestre, mkuu wa komine.

"Bihogo. B, i, h, o, g, o. Miaka saba. Ameacha watoto wane. Na Gitare. Miaka tatu. Huyu alikuwa na mimba, na hakuna muntu alimutangaza."

Mama Léontine aliandika yote, akachora mstari chini, akamgeuzia Colonel daftari na kumpa kalamu. Colonel alikuwa ametia sahihi hati nyingi mwaka ule, nyingine bila kuzisoma na nyingine bila kujua kusoma kilichoandikwa. Hii aliisoma mpaka mwisho, kidole kikitembea chini ya kila neno. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini ili askari wasisikie, kama hati hiyo kule Goma itasomwa kwa sauti.

"Mbele ya wote," akajibiwa, "na bila sahihi hakuna grade."

Akatia sahihi.